Chumvi na Rovu

Zamani watu wengi wa milima ya kusini waliota rovu, yaani uvimbe mkubwa wa shingo. Si uchawi, wala hauambukizi. Kwa kawaida hutokana na upungufu wa aidini, iitwayo pia madini joto. Mvua za miaka maelfu huiosha milimani, nayo hukusanyika baharini. Bernard Courtois, Mfaransa, aliivumbua mwaka 1811 katika majivu ya mwani.

Mama mjamzito akiikosa sana, mtoto aweza kuzaliwa bubu, tena mzito wa akili. Nalo ni baya kuliko rovu lenyewe.

Basi, ninyi wa Mbangala mko mbali na bahari. Msitegemee chumvi isiyotiwa aidini, hata ile ya Ivuna waliyoipika wazee tangu kale. Chumvi iliyotiwa ifunikeni vema, mbali na moto na unyevu, mkaitie chakula kinapokaribia kuiva.