JE, GALAKSI NAZO HUZEEKA?



Jua letu ni nyota moja tu kati ya zaidi ya bilioni 100 zilizomo katika galaksi yetu, Njia Nyeupe. Nje yake zipo galaksi nyingi mno. Mwaka 964 mwanachuoni wa falaki wa Uajemi, Abd al-Rahman al-Sufi, alieleza moja yao, Andromeda, kuwa kama wingu dogo. Leo tujiulize: je, galaksi zimekuwa hivi tangu zamani?

Nuru husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Ya jua hutufikia baada ya dakika 8. Ya Andromeda, baada ya miaka milioni 2.5. Ni kama barua ya ndugu aliye safarini: inatueleza alivyokuwa siku alipoandika, si alivyo leo. Hivyo anayetazama mbali zaidi hutazama zamani zaidi.

Mwaka 1995 darubini ya Hubble ilielekezwa kwa siku 10 mahali padogo palipodhaniwa kuwa patupu. Zikaonekana galaksi zipatazo 3,000. Kutokana na uchunguzi huo na mwingine uliofuata, tumejifunza mambo mawili:

1. Mwangaza. Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8. Nyota zilizaliwa kwa wingi kabisa miaka bilioni 10 hivi iliyopita. Leo kasi hiyo imeshuka hadi kiasi cha sehemu moja ya kumi, kwani gesi ya kuundia nyota imepungua. Nyota kubwa za buluu hufa mapema. Hubaki ndogo, nyekundu na hafifu.

2. Idadi. Zamani galaksi ndogo zilikuwa nyingi zaidi. Nyingi zimeungana au kumezwa na kubwa. Hata sasa Njia Nyeupe inaimeza galaksi ndogo ya Sagittarius.

Lakini tuwe waangalifu. Usiku, ukiwa mbali na kijiji, utaiona karabai na hutakiona kibatari. Ukisema kijiji kizima chatumia karabai, umekosea. Vivyo hivyo galaksi hafifu za mbali hutupita. Darubini ya James Webb, iliyorushwa mwaka 2021, imeona galaksi za tangu ulimwengu haujatimiza miaka milioni 300, na zile zenye kung'aa ni nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Sababu yake bado inachunguzwa; huenda mchunguzi wake akatoka miongoni mwenu.

Maswali ya kujipima:
(a) Kwa nini kutazama mbali ni kutazama zamani?
(b) Taja sababu moja ya galaksi kufifia na moja ya kupungua.
(c) Mfano wa kibatari unatufundisha nini?