Rukwa: heliamu tu, au na haidrojeni?

SWALI: Ndugu mtaalamu, tunasikia bonde la Rukwa lina gesi. Je, ipo haidrojeni ya kutupatia umeme safi? — Msomaji, Matai, Kalambo

JIBU: Dalili zipo, ila usiweke nguzo za umeme bado. Gesi iliyotangazwa mwaka 2016 ni heliamu. Hiyo haiwaki, hupoza mashine za MRI hospitalini. Mwaka 2024, kampuni ya Helium One ilipojaribu kisima cha Itumbula, mkoani Songwe, heliamu ilitoka pamoja na haidrojeni kidogo.

Haidrojeni huzaliwa ardhini maji yakikutana na miamba yenye chuma kingi, au mionzi ya miamba mikongwe ikiyapasua maji. Ikiungua hutoa mvuke wa maji, si hewa ya ukaa. Kijijini Bourakébougou, Mali, kisima kilichochimbwa mwaka 1987 kutafuta maji kilitoa gesi iliyolipuka kwa moto wa sigara. Miaka mingi baadaye gesi hiyo ikaendesha jenereta ya kijiji.

Mkiona kisima kinatoa mapovu, msiwashe kiberiti. Haidrojeni haina rangi wala harufu, na mwali wake mchana hauonekani kirahisi. Toeni taarifa ofisi ya kijiji.