Miwani ya Kuzamia Inapoharibika Chini ya Maji

Utangulizi

Jicho la binadamu limeumbwa lione katika hewa, wala si katika maji. Mtu akifumbua macho ndani ya bahari iliyo safi kabisa huona vivuli tu visivyo na kingo. Kwa sababu hiyo mvuvi wa pweza wa Mafia, mtafiti wa matumbawe wa Unguja na askari wa kikosi cha uokoaji wote huvaa miwani ya kuzamia. Miwani hiyo ni kioo kilichozungukwa na ukingo wa mpira laini unaoshika uso, ukifunika macho na pua pamoja.

Kifaa hiki ni chepesi, nacho huweza kuvuja, kuingia ukungu, kukatika mkanda, au kupigwa na pezi la mwenzako kikang'oka. Makala haya yanaeleza kwa nini mambo hayo hutokea na jinsi ya kuyatengeneza. Zaidi ya hayo, yanaonyesha kwamba kuharibika kwa miwani hakumuui mzamiaji. Kinachomuua ni lile analolifanya na pumzi yake baada ya hapo.

Kazi ya miwani

Ili kitu kionekane sawasawa, miale ya nuru haina budi kupindwa ikutane kwenye retina, nyuma ya jicho. Takriban theluthi mbili za kazi hiyo hufanywa na konea, yaani ngozi angavu iliyo mbele ya jicho, kwa kuwa nuru hupinda inapotoka hewani na kuingia katika konea. Maji na konea hupindisha nuru kwa kiasi kinachokaribiana sana. Hivyo maji yanapogusa jicho, kazi ya konea karibu yote hupotea. Miwani hurudisha tabaka la hewa mbele ya jicho, na jicho likaona tena. Hata hivyo, nuru inayopita katika maji, kioo na hewa hupinda njiani, na vitu huonekana vikubwa zaidi kwa kiasi cha theluthi moja na karibu zaidi kwa kiasi cha robo.

Hewa hiyo iliyomo ndani ya miwani ndiyo chanzo cha matatizo, na pia ndiyo dawa yake. Mwaka 1662 Robert Boyle alieleza kwamba, joto lisipobadilika, ujazo wa hewa hupungua kwa kadiri kanieneo inavyoongezeka. Juu ya maji, usawa wa bahari, kanieneo ni angahewa 1. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza takriban angahewa 1 nyingine. Basi kwenye mita 10 kanieneo ni angahewa 2 na ujazo wa hewa ni nusu. Kwenye mita 20 ni angahewa 3 na ujazo ni theluthi. Kwenye mita 30 ni angahewa 4 na ujazo ni robo.

Kwa hiyo mzamiaji anaposhuka, hewa ya ndani ya miwani husinyaa, na miwani huvuta uso na macho hata mishipa midogo ya damu ikapasuka. Dawa yake ni kutoa pumzi kidogo kwa pua kadiri anavyoshuka. Kutokana na hili tunaelewa kwa nini miwani ya kuogelea isiyofunika pua haifai kuzamia: haina njia ya kuongezewa hewa.

Jaribio la beseni

Sheria za maji ni zile zile katika bahari na katika beseni. Mwanafunzi wa Getanuwas, wilayani Hanang, aliye mamia ya kilomita kutoka pwani, anaweza kuzithibitisha kwa bilauri inayoonyesha ndani, mrija na beseni la maji.

Aizamishe bilauri ijae maji, kisha aigeuze kinywa chini humo humo majini bila kuitoa. Apitishe ncha ya mrija chini ya kinywa cha bilauri na kupuliza polepole. Ataona mapovu yakipanda juu na kukaa huko, na maji yakisukumwa kutoka kwa chini. Akiendelea, bilauri yote itajaa hewa ingawa imo ndani ya maji. Baada ya hapo ainamishe bilauri upande mmoja: hewa itatoroka na maji kurudi.

Mzamiaji hutoa maji katika miwani kwa njia hiyo hiyo. Pua yake ndiyo mrija, na miwani ndiyo bilauri.

Hitilafu na dawa zake

Kuvuja. Mara nyingi sababu ni unywele uliopita chini ya ukingo wa mpira, masharubu mazito, au mkanda uliokazwa kupita kiasi hata mpira ukajikunja. Kabla ya kununua miwani, ishikize usoni bila mkanda na uvute hewa kidogo kwa pua. Ikishika bila kuanguka, inakufaa.

Ukungu. Mvuke wa uso wenye joto hugeuka matone juu ya kioo baridi. Mate yakipakwa ndani ya kioo na kusuuzwa kidogo huyafanya maji yatandae kama utando mwembamba badala ya kuwa matone. Kioo kipya kisuguliwe kwanza kwa dawa ya meno, ili kuondoa mafuta yaliyobaki tangu kiwandani. Ukungu ukitokea chini ya maji, ingiza maji kidogo, yapitishe juu ya kioo, kisha yatoe.

Kujaa maji. Tulia, uendelee kupumua kwa mdomo. Bonyeza sehemu ya juu ya miwani kwenye paji la uso, inua uso kidogo, kisha toa pumzi kwa pua polepole. Hewa itapanda juu na maji yatatokea chini. Rudia mpaka yaishe.

Mkanda kukatika au kioo kuvunjika. Mkanda huonyesha nyufa ndogo kabla ya kukatika, hivyo ukaguliwe kila siku ya kazi. Kioo kiwe cha aina iliyoimarishwa. Kioo cha dirishani hakifai, maana vipande vyake ni vikali.

Hatari yenyewe

Maji baridi yanapogusa uso ghafla, mwili huelekea kuzuia pumzi wenyewe, bila kuamriwa. Mzamiaji asiye na mazoezi hupatwa na hofu, hufunga pumzi na kukimbilia juu. Hapo ndipo mauti yalipo.

Tuchukue mfano. Mtu amevuta lita 5 za hewa ya mtungi kwenye mita 10. Akipanda bila kuitoa, hewa hiyo itataka nafasi ya lita 10 atakapofika juu. Mapafu hayawezi kuihimili. Hupasuka, na mapovu huweza kuingia katika damu na kufika kwenye ubongo. Mapafu yakiwa yamejaa, hata kina cha mita moja na nusu hivi chaweza kutosha kuleta madhara hayo.

Jambo hili linawahusu hasa wavuvi wetu hodari. Mvuvi anayezamia kwa pumzi yake huvuta hewa akiwa juu. Ikisinyaa anaposhuka, hurudia tu ujazo wake wa awali anapopanda. Kwake yeye kuzuia pumzi ndio ustadi wenyewe. Siku anapovaa mtungi, ustadi huo wa miaka mingi hugeuka kuwa hatari, kwa maana hewa anayoivuta huko chini imekwisha kukandamizwa. Hana budi kujifunza upya: mwenye mtungi hazuii pumzi kamwe.

Kwa hiyo miwani ikipotea, baki ulipo. Shikilia kifaa cha mdomoni, vuta na kutoa pumzi kwa mdomo, na maji yakikusumbua puani, bana pua kwa vidole. Mpe mwenzako ishara akushike mkono na kukusomea vipimo. Pandeni pamoja, bila kuzidi mita 9 kwa dakika, mkipumua wakati wote.

Kwamba kazi huwezekana hata macho yasipofaa kitu ilionekana Mombasa mwaka 2019. Gari lilikuwa limetumbukia kutoka katika kivuko cha Likoni tarehe 29 Septemba, na wazamiaji walilifikia kwenye kina cha mita 58, katika maji ambamo kuona kulikuwa kwa shida sana.

Hitimisho

Utulivu huu hauji wenyewe siku ya ajali. Kila anayejifunza kuzamia, awe mvuvi au mwanafunzi anayekusudia kujiunga na Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoanzishwa Unguja mwaka 1978, aanze katika maji yanayomfika kifuani, pamoja na mwalimu. Avue miwani, apumue kwa mdomo uso ukiwa mtupu ndani ya maji kwa dakika nzima, kisha aivae na kuitoa maji. Arudie mpaka maji puani yasimshtue tena.

Maswali kwa msomaji

1. Mzamiaji amevuta lita 4 za hewa ya mtungi kwenye mita 20. Akipanda hadi juu bila kutoa pumzi, hewa hiyo itahitaji nafasi ya lita ngapi?
2. Kwa nini mzamiaji hubonyeza sehemu ya juu ya miwani, wala si ya chini, anapotoa maji?
3. Eleza kwa nini mvuvi anayezamia kwa pumzi yake hapasuki mapafu anapopanda.