Mashudu Yasipotelee Mkojoni

Mfugaji wa Chaani, fedha unazonunulia mashudu zaweza kutoka zizini pamoja na mkojo wa ng'ombe. Somo la mwezi huu ni namna ya kuzizuia.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo ni wanyama wanaocheua. Katika tumbo lao kubwa mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo ndivyo vinavyoyavunja majani. Vijidudu hivi vyahitaji naitrojeni, ambayo imo ndani ya protini, na pia wanga au sukari ya kuvipa nguvu. Vikipata vyote viwili kwa wakati mmoja, huzaana. Kisha huteremka tumbo la mbele yake, vikasagwa, vikawa protini ya ng'ombe mwenyewe. Basi kumbuka: unapomlisha ng'ombe, kwanza unavilisha vijidudu vyake.

Wakati wa kaskazi majani ya kando ya njia hukauka. Protini ikishuka chini ya sehemu 7 katika 100 za chakula kikavu, vijidudu hulegea, majani hukawia tumboni, na ng'ombe huacha kula ingawa hori limejaa. Usidhani anadeka, ana njaa ya naitrojeni.

Mashudu ya nazi yana protini kama sehemu 20 katika 100. Kilo 2 zina gramu 400 hivi. Lakini ukimpa yote mara moja, bila chakula cha nguvu, naitrojeni nyingi hugeuka amonia kabla vijidudu havijaitumia. Amonia huingia katika damu, ini huigeuza yurea, nayo hutoka kwa mkojo. Kwa hiyo fanya hivi:

1. Gawa mashudu mara mbili, asubuhi na jioni wakati wa kukama. Haba na haba hujaza kibaba.

2. Yachanganye na wishwa wa mahindi au muhogo uliokaushwa vizuri.

3. Panda lusina au glirisidia uani. Katika kituo cha utafiti cha Mtwapa ng'ombe waliolishwa nepia waliongezewa kilo 4 hadi 8 za majani mabichi ya lusina kwa siku. Lusina isizidi robo ya chakula chote, maana ikizidi mno hunyonyoa nywele za mnyama. Tena ina adui, mdudu mdogo mfyonzaji aliyeingia nchini mwaka 1992. Ndiyo sababu ni vema kuwa na glirisidia pia.

4. Yurea ya mbolea ina naitrojeni sehemu 46 katika 100, na vijidudu huweza kuitumia. Lakini ikizidi kidogo, au isipochanganyika sawasawa, mnyama hutetemeka, hutoa povu, hufa kwa saa chache. Usiijaribu bila afisa wa mifugo. Usimpe kamwe ndama mdogo, kuku, nguruwe wala punda.

Hata ukifuata haya yote, naitrojeni kidogo itatoka. Usiiache itiririke mtaroni kwa jirani. Tandika majani makavu zizini yanyonye mkojo, kisha yapeleke kwenye nepia yako.

Mwisho, pima maziwa kila siku kwa wiki mbili kabla ya kubadili chakula, na wiki mbili baadaye. Andika daftarini. Ikiwa maziwa yaliyoongezeka hayalipi bei ya mashudu, punguza. Kibaba na daftari vitakuonyesha faida iko wapi.