Paulo na Vitabu Vyake
Somo: 2 Timotheo 4:6-13

Juma hili tukae kwenye mstari wa 13, ambao wengi wetu huuruka. Paulo amefungwa Roma. Ameshasema saa yake ya kuondoka imekaribia, na aliyebaki naye ni Luka peke yake. Sasa anaagiza nini kwa Timotheo? Joho lake, maana baridi yaja, na vitabu alivyoviacha Troa kwa Karpo, hasa vile vya ngozi.

Hebu fikiria. Troa iko katika Uturuki ya leo; kutoka huko hadi Roma ni safari ya bahari na nchi kavu. Vitabu vyenyewe viliandikwa kwa mkono, ni mzigo kweli kweli. Na huyu ni mtu anayengoja kuuawa! Hana mtihani mbele yake, hana mkutano wa injili Jumapili. Bado anataka kusoma.

Mimi ni mpenda vitabu, nasoma hata kwenye matatu, na jambo moja hapa hunichekesha: Paulo anakumbuka vitabu vyake viko kwa nani. Hiyo ndiyo dalili yetu.

Lakini tuko na msemo makanisani, nausikia hata kwa watumishi: "Sihitaji vitabu, Roho ananifundisha." Sikubaliani nao. Paulo alinena kwa lugha kuliko Wakorintho wote (1 Wakorintho 14:18), na bado aliagiza vitabu. Tena hakujua Torati na Manabii tu. Kule Athene aliwahubiria watu kwa maneno ya washairi wao wenyewe (Matendo 17:28). Mtu haamki tu asubuhi akawa anayajua hayo! Festo naye alidhani elimu nyingi imemtia wazimu (Matendo 26:24).

Charles Spurgeon, mhubiri wa London (1834-1892), aliuhubiri mstari huu mwaka 1863. Chuo cha theolojia hakuingia. Shule yake ilianzia kwa babu yake, mchungaji wa kijijini, katika chumba cheusi ambacho dirisha lake lilizibwa kwa sababu ya kodi ya madirisha. (Naam, Uingereza walitoza kodi hata madirisha.) Humo ndimo mlikuwa na vitabu vizito vya wahubiri wa kale, na kijana alivitoa kwenye mwanga akasoma. Baadaye alikusanya vitabu kama 12,000, lakini Safari ya Msafiri ya John Bunyan alisema ameisoma angalau mara 100.

Hapo ndipo mimi husimama. Wingi wa vitabu rafuni si neno. Kurudia kimoja chema hadi kikuingie, hiyo ni kazi. Na Safari ya Msafiri ipo kwa Kiswahili, kwa hivyo lugha haituzuii.

Jumatano, kwenye ushirika wa nyumbani, kila mmoja aje na kitabu kimoja cha kuazimana. Andika jina lako ndani, mpendwa, na ukumbuke nani yuko nacho.