Taja Muundo wa Faili Kabla ya Kulituma

Kompyuta inayopokea faili haijui nia ya mtumaji. Hufuata muundo iliotajiwa. Chukua mfano wa mhazini wa kikundi cha kuweka na kukopa anayeipelekea benki orodha ya wanachama watakaolipwa. Faili la CSV ni maandishi matupu yanayotenganishwa kwa mkato. Safu ya simu ikitajwa kuwa ya tarakimu za hesabu, sifuri ya mwanzo hudondoka: 0712 huwa 712, na malipo ya mwanachama hukwama. Tarehe 03/04/2025 nayo kwetu ni Aprili 3, ilhali Marekani ni Machi 4.

Kwa hiyo, mtumiaji azingatie haya:

1. Aulize benki inakubali muundo gani, na safu zifuatane vipi.
2. Safu za simu, akaunti na kitambulisho azitaje kuwa maandishi.
3. Tarehe aziandike kwa kuanza na mwaka: 2025-04-03.
4. Asibadili herufi za mwisho wa jina la faili akidhani amebadili muundo. Alihifadhi upya kwa muundo unaotakiwa.
5. Alinganishe idadi ya mistari iliyopokewa na iliyotumwa kabla ya kuidhinisha malipo, na atunze nakala ya awali.