Mkaribishe Chozi Uani

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ninayemzungumzia hapa hahitaji chai wala mkeka. Ni chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda. Dume aghalabu hung'aa kama hariri, jike rangi yake imefifia. Wengi wetu twamwona kila siku tukija shule lakini jina lake hatulijui.

Je, chozi hula nini? Hufyonza mbochi, yaani majimaji matamu yaliyo ndani ya ua. Akiingiza mdomo, chavua humganda kichwani, naye huipeleka kwenye ua jingine. Kwa hivyo anakula na kulipa. Pia hula wadudu na buibui, na hasa hao ndio huwalisha makinda wake.

Basi mpenzi msomaji, ukitaka aje kwenu, fanya hivi:

1. Panda maua yenye umbo la tarumbeta, hasa mekundu. Mshubiri ndio rahisi. Ng'oa chipukizi lililoota kando ya mmea mkubwa, ulipande mvua za Machi zinapoanza. Ua la mgomba pia humvuta.

2. Wakati wa kiangazi weka maji kwenye sahani, kina kisizidi kidole. Tia jiwe katikati apate pa kusimama. Badilisha maji kila asubuhi, kwani machafu huleta ugonjwa.

3. Usinyunyize dawa ya wadudu ovyo ovyo. Ukiwaua buibui umemdhulumu mara mbili: makinda wamekosa chakula, na mama amekosa utando wa kufungia kiota. Kiota chenyewe huning'inia kama kifuko, mlango ubavuni, na kwa kawaida huwa na mayai mawili tu.

4. Akigonga kioo cha dirisha, usiseme ni uchawi. Dume ameona sura yake akadhani ni mwenzake aliyekuja kumnyang'anya makao. Funika kioo kwa gazeti siku chache, ataacha.

Sasa nina neno kwa wenzangu wenye manati mifukoni. Chozi wengi hawafikii hata gramu 20. Nyama yake haijazi kijiko. Tena jike ndiye alaliaye mayai. Ukimwangusha yeye, na yale mawili yamekwisha. Umeua watatu kwa jiwe moja, na hiyo si shabaha.

Nao watakaofyeka kando ya ua wa shule, tafadhali uacheni mshubiri. Chozi ametutendea wema. Tusimlipe fadhila za punda.